Siku chache Copenhagen: uingie makumbusho gani?

Mwezi wa kumi nilikuwa na siku nne Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Nilifikia kwa dada yangu aliyeolewa Malmö, upande wa Sweden, na kila asubuhi nilivuka daraja la Øresund kwa treni pamoja na mwanawe wa miaka 7, ambaye huniita mama mdogo. Kabla ya safari nilitumia usiku mzima nikisoma orodha za makumbusho ya mji ule. Yalikuwa mengi, na yote yalisifiwa kwa maneno yale yale. Nilijua ratiba za treni na hali ya hewa, ila sikujua niingie wapi.

Haya ndiyo ningependa mtu aniambie usiku ule. Nimechukua manne: Designmuseum Danmark, Louisiana, Ny Carlsberg Glyptotek na Davids Samling. Mtu wa siku mbili au tatu anaweza kuyaona mawili kwa utulivu, pengine matatu. Akilazimisha yote manne atakumbuka ngazi na foleni tu.

Kabla sijaendelea, ujue jicho langu linaelemea wapi. Baba yangu ni seremala wa Keko, Dar es Salaam, na nimekua nikifagia maranda chini ya meza yake ya kazi. Kiti kilichoungwa vizuri hunisimamisha kuliko picha nyingi. Nimejitahidi mzani usipinde kwa sababu hiyo, lakini ukiona nimekaa mno kwenye mbao, ndiyo sababu.

## Vipimo nilivyotumia

Cha kwanza ni utakachokiona, na hasa kama una swali la kwenda nalo. Hiki nakipa uzito kuliko vyote. Mtu aliyeshona nguo maisha yake yote akisimama mbele ya kitambaa cha kale huuliza: huu uzi ulipitishwaje hapa? Swali hilo litamweka pale nusu saa, naye atatoka na kitu. Mtu huyohuyo mbele ya picha mashuhuri isiyomwambia neno ataipiga picha kwa simu na kupita.

Kisha kuna muda na miguu, yaani umbali, ngazi, na saa unazohitaji humo ndani. Kuna mfuko pia. Denmark haitumii yuro, ina kroner zake, na viingilio hupanda mara kwa mara, kwa hiyo nalinganisha uzito wa gharama bila kutaja bei. Nimeangalia watoto, kwa kuwa wengi wetu hatusafiri peke yetu. Mwishoni nimesema kila jumba linamfaa mtu wa aina gani.

Mambo mawili yanahusu yote manne. La kwanza, Jumatatu yote hufungwa. Jumatatu yangu nilifika mlangoni nikiwa nimemshika mtoto mkono, mvua ikinyesha, tukakuta mlango umefungwa; siku nzima ikapotea. Panga Jumatatu yako iwe ya kutembea mjini. La pili ni mwanga. Mwezi wa Desemba jua la Copenhagen huzama mnamo saa tisa na nusu alasiri; mwezi wa Juni linakaa hadi karibu saa nne usiku. Kwa Louisiana hasa, jambo hilo linabadilisha kila kitu.

Jumba la taifa la sanaa, Statens Museum for Kunst, sikulitia kwenye mizani. Lina kazi nyingi za Matisse, na lina picha za Vilhelm Hammershøi za vyumba vilivyo kimya, vya kijivu, ambazo bado ziko kichwani mwangu. Lakini nililipitia kwa saa moja tu, na saa moja haitoshi kulitolea maneno.

## Designmuseum Danmark

Utaona nini. Jengo lenyewe lilikuwa hospitali ya mfalme, Frederiks Hospital, iliyofunguliwa mwaka 1757. Mwanafalsafa Søren Kierkegaard alifia humo mwaka 1855. Makumbusho yalihamia hapo mwaka 1926, na aliyesimamia kugeuza wodi kuwa kumbi za maonyesho alikuwa Kaare Klint, mtu ambaye Wadenmark wanamhesabu kuwa baba wa fanicha yao ya kisasa. Lilifungwa kwa ukarabati na kufunguliwa tena mwaka 2022.

Watu wengi huja kwa ajili ya viti. Vimepangwa katika ukumbi mrefu kama pango, kila kimoja kwenye kisanduku chake chenye taa, hivyo unakiona kiti jinsi unavyoona sanamu. Ukipita upande mmoja na kurudi mwingine unasoma hadithi nzima: mafundi wa mbao, kisha mbao zilizopindwa kwa mvuke na gundi, kisha chuma, kisha plastiki. Kiti cha Verner Panton cha mwaka 1967 ni kipande kimoja cha plastiki kilichotoka kwenye kalibu. Ukiwa umekaa kwenye viti vyeupe vya kukodi katika shughuli zetu utaelewa mara moja alichokuwa anakitafuta, na utaona pia kilichopotea njiani kati ya chake na hivyo vya kwetu.

Kilichonishika mimi ni kiti cha Klint cha mwaka 1933. Kwa Kidenmark kinaitwa Safaristolen. Neno letu, limekaa pale kwenye kibandiko! Klint alianzia kwenye kiti cha kambini cha maofisa wa Kiingereza wa India, aina iliyobebwa pia na wazungu waliokuja Afrika Mashariki kuwinda na kupiga picha. Hakina gundi wala msumari. Ncha za mbao za kukatiza zimechongwa zikipungua kama kabari, zinaingia kwenye matundu ya miguu, na mikanda ya ngozi inashikilia. Ukikaa, uzito wako unakikaza zaidi. Ukitaka kuhama, unakivunja vipande na kukifunga mzigo. Nilimpigia baba simu ya video nikamwonyesha. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Mwambie aliyekitengeneza, hapo kwenye tundu amecheza." Klint alifariki zamani, lakini salamu nimezifikisha hapa.

Karibu na hapo kuna kazi za Hans J. Wegner, mtoto wa fundi viatu wa Tønder aliyejifunza useremala akiwa kijana na kuja kubuni viti zaidi ya 500. Kile chake chenye mgongo wa umbo la herufi Y, cha mwaka 1949, kina kikalio kilichosukwa kwa kamba ya karatasi yenye urefu wa mita 120 hivi. Nikiwa mbele yake nilikumbuka viti viwili vya kwetu. Kimoja ni kiti cha enzi cha Lamu na Unguja, fremu ya mpingo na mgongo uliosukwa kwa uzi. Kingine ni kitanda cha kamba ambacho bibi alikiita teremka tukaze. Kazi ya mkono ni ileile: kamba ivutwe vipi ili isilegee upesi. Hapo ndipo nilipojua swali langu nililokuja nalo lilikuwa sahihi.

Usiziache taa za Poul Henningsen. Alizihesabia mikunjo mitatu ya vifuniko ili jicho lisigongane kamwe na balbu. Kwa anayetoka kwenye nyumba zenye balbu tupu katikati ya dari, hilo ni somo la kurudi nalo nyumbani.

Muda na miguu. Saa mbili hadi tatu. Ni mwendo mfupi kutoka kituo cha metro cha Marmorkirken, na ndani hakuna kupanda sana. Kuna bustani ya uani ya kupumzika.

Mfuko. Kiingilio cha kawaida kwa mji huu, na walio chini ya miaka 18 hawalipi. Duka lake ndilo hatari. Vitu vidogo vizuri mno.

Watoto. Wastani. Viti vya maonyesho havikaliwi, na mtoto haelewi kwa nini kiti kisikaliwe. "Mama mdogo, sasa hiki kinafanya kazi gani?" Nilimwambia kinafundisha. Hakuridhika, na sikumlaumu.

Inamfaa nani. Seremala, fundi chuma, mshonaji, mwanafunzi wa usanifu, na yeyote anayejenga nyumba na kufikiria samani zake. Haimfai anayetaka picha za kuchora, atazunguka akizitafuta.

## Louisiana

Utaona nini. Hii haiko mjini. Iko Humlebæk, kilomita 35 hivi kaskazini, kwenye ufuko wa mlangobahari wa Øresund. Jina halihusiani na Marekani: Alexander Brun, mwenye nyumba ya kale iliyo mlangoni, alioa wake watatu kwa nyakati mbalimbali, na wote waliitwa Louise. Knud W. Jensen aliifungua kama makumbusho mwaka 1958, na wasanifu Jørgen Bo na Vilhelm Wohlert wakaiongeza kwa njia ambayo sijaiona mahali pengine. Hawakujenga jumba moja kubwa. Walijenga vyumba vya chini vilivyounganishwa kwa varanda ndefu za kioo, zikipita kati ya miti na kufuata mwinuko wa ardhi. Unatoka kwenye picha, unakutana na mti. Unatoka kwenye mti, unakutana na sanamu. Kisha kwa ghafla, bahari, na Sweden ng'ambo.

Kuna chumba cha Alberto Giacometti chenye ukuta mzima wa kioo unaotazama ziwa dogo. Watu wake wale wembamba wa shaba wamesimama pale, na majani nyuma yao yanatikisika. Nilikaa kwenye ngazi za chumba kile hadi mtoto akanivuta. Nje kuna kazi za Alexander Calder zinazogeuka kwa upepo wa bahari, na za Henry Moore kwenye nyasi. Kuna pia chumba cha vioo na taa cha Yayoi Kusama, ambacho huingiwa na watu wachache kwa zamu, kwa hiyo siku za mwisho wa wiki jiandae kusubiri.

Kwa upande wa ubunifu, hapa huoni viti nyuma ya taa. Vinatumika, unavikalia mgahawani. Jumba zima ni kazi ya usanifu unayoitembea kwa miguu, na lilinionyesha kitu ambacho baba husema kuhusu nyumba: fundi mzuri humpangia mtu mwendo wake bila kumwambia.

Muda na miguu. Nusu siku, na heri uitoe siku nzima. Treni kutoka kituo kikuu hadi Humlebæk ni kama dakika 35, kisha unatembea dakika 10 au zaidi kidogo. Siku ya Jumanne hadi Ijumaa hufunguliwa saa tano asubuhi hadi saa nne usiku, jambo ambalo ni nadra kwa makumbusho. Wakati wa kiangazi nenda mchana, ubaki hadi jua lishuke. Wakati wa baridi nenda mapema, kwa maana nusu ya uzuri wake uko nje ya kioo, na giza likiingia unabaki na nusu nyingine.

Mfuko. Ndiyo ghali kuliko zote ukijumlisha nauli na chakula. Kadi ya wageni ya mji, Copenhagen Card, inajumuisha kiingilio na treni. Kwa safari ya huku peke yake karibu unaanza kuona faida. Walio chini ya miaka 18 hawalipi.

Watoto. Hapa hakuna mpinzani. Lina jengo zima la watoto lenye meza za rangi na udongo, na mteremko wa nyasi hadi ufukweni. Mwanetu alifinyanga samaki, akakataa kuondoka.

Inamfaa nani. Familia, wapenzi, msanifu majengo, na mtu aliyechoka na kuta. Haimfai mwenye saa tatu tu kabla ya ndege.

Kwa Mkenya, au yeyote aliyewahi kupita Karen, Nairobi, kuna sababu nyingine ya kupanda treni hiyohiyo. Vituo vichache kabla ya Humlebæk kuna Rungsted Kyst, na hapo ndipo ilipo nyumba ya mwandishi wa Kidenmark Karen Blixen, Rungstedlund, ambayo sasa ni makumbusho. Aliishi Kenya kuanzia 1914 hadi 1931, kwenye shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong, kisha akarudi nyumbani kwao huku na kuzikwa chini ya mti mkubwa nyuma ya nyumba. Kuna picha za rangi alizowachora Waafrika wakati ule. Nilizitazama kwa muda mrefu. Aliyeshika brashi anajulikana dunia nzima. Waliokaa mbele yake, wengi wetu hatujui hata walizikwa wapi. Sikwambii uende au usiende. Nakwambia kwamba sisi tutaisoma nyumba ile tofauti na wageni wengine, na usomaji wetu ni halali.

## Ny Carlsberg Glyptotek

Utaona nini. Carl Jacobsen, mtoto wa mwanzilishi wa kiwanda cha bia cha Carlsberg, alipenda sanamu kupita kiasi, akanunua, akajenga, akautolea umma. Jengo la kwanza lilifunguliwa mwaka 1897. Leo kuna kazi zaidi ya 10,000: Misri ya kale, Ugiriki, Roma, Waetruski (watu wa Italia ya kale), vichwa vya makaburi ya Palmyra ya Syria, na upande mwingine wachoraji wa Kifaransa na wa Denmark. Paul Gauguin yuko hapa kwa wingi, kwa kuwa mkewe Mette alikuwa Mdenmark na aliwahi kuishi naye mji huu.

Katikati kuna bustani ya ndani chini ya kuba la kioo, ya mwaka 1906, yenye mitende na joto la kwetu. Ukitoka kwenye baridi ya Novemba ukaingia pale, mwili unakumbuka nyumbani.

Kitu kimoja cha kutafuta: kichwa cha mfalme Caligula kilichorudishiwa rangi kwa utafiti wa chembe zilizobaki kwenye marumaru. Tumezoeshwa kuona Roma ikiwa nyeupe. Haikuwa nyeupe, ilipakwa rangi za ngozi, nywele na midomo. Wasimamizi wa hapa wamelifanyia kazi suala hilo kwa miaka mingi na wanalionyesha wazi.

Kwa msomaji anayejali vitu vya Afrika vilivyoko Ulaya, ni vizuri kujua kwamba jumba hili limewahi kurudisha vitu. Mwaka 2016 lilikubaliana na Italia kurejesha mali za kaburi la Waetruski, na mwaka 2024 lilikubali kukirudisha Uturuki kichwa cha shaba cha Septimius Severus, mfalme wa Roma aliyezaliwa Leptis Magna, Libya ya leo.

Muda na miguu. Saa mbili zinatosha ukichagua upande mmoja. Ni karibu sana na kituo kikuu cha treni, jirani na Tivoli, bustani ya burudani. Kuna ngazi nyingi kati ya mabawa yake.

Mfuko. Wastani, chini ya miaka 18 bure.

Watoto. Nzuri kuliko nilivyodhani, kwa ajili ya maiti za Misri zilizofungwa sanda na mungu Anubis wa jiwe jeusi mwenye kichwa cha mbweha. Bustani nayo huwapa pumzi.

Inamfaa nani. Mwanahistoria, mwalimu, mchongaji wa mawe au mbao, na mtu mwenye muda mfupi anayesubiri treni. Kwa ubunifu wa kisasa halina mengi ya kukupa.

## Davids Samling

Utaona nini. Mwanasheria C. L. David aliishi katika nyumba ya Kronprinsessegade 30 na kuigeuza kuwa makumbusho. Alifariki mwaka 1960 na kuacha taasisi iliyoendelea kukusanya. Leo ina moja ya hazina kubwa za sanaa ya Kiislamu katika Ulaya ya kaskazini, kuanzia karne ya 8 hadi ya 19, kutoka Hispania hadi India. Nje ni mlango wa kawaida unaotazama bustani ya mfalme. Nilipita mbele yake mara mbili bila kujua.

Ndani kuna giza la makusudi ili karatasi na nguo zisififie. Kuna ukurasa wa Kurani ya Buluu, khati ya Kufi ya dhahabu juu ya ngozi iliyotiwa nili. Kuna vigae vya Kashan, Uajemi, vinavyong'aa kama vimelowa, vya Iznik, Uturuki, vyenye wekundu unaotuna kidogo ukiuangalia kwa pembeni, mazulia, majambia, sarafu, na picha ndogo za vitabu ambazo unapaswa kuinama kuziona.

Sasa sikiliza, wewe uliyetoka pwani. Kule Manda na Kilwa, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vipande vya vyombo vilivyoletwa na mabaharia kutoka Uajemi na Iraki. Makaburi ya Kunduchi yana bakuli za Kichina zilizopachikwa kwenye nguzo, na nyingi zimeng'olewa yakabaki matundu. Sisi tumebakiwa na vigae. Hapa unaona chombo kizima. Nilisimama mbele ya bakuli moja la rangi ya feruzi nikaelewa, kwa mara ya kwanza, kile kipande nilichookota utotoni karibu na ufuko kilikuwa sehemu ya nini. Kwa dakika hizo chache sikujisikia mgeni Copenhagen.

Orofa nyingine zina samani za Ulaya za karne ya 18 na picha za Denmark, wakiwemo Hammershøi wachache. Ukikosa jumba la taifa, utamwonja hapa.

Muda na miguu. Saa moja na nusu hadi mbili. Vyumba ni vidogo na vingi, na macho huchoka kabla ya miguu, kwa sababu kila kitu ni kidogo na kina kazi nyingi.

Mfuko. Bure kwa kila mtu. Katika mji ambao kikombe cha kahawa hukufanya ufikiri mara mbili, hilo si jambo dogo. Unaweza kuingia leo nusu saa na kurudi kesho.

Watoto. Wadogo watachoka, hakuna nafasi ya kukimbia na kila kitu kiko nyuma ya kioo. Walio wakubwa wanaosoma madrasa, wape kazi ya kutafuta neno wanalolijua kwenye khati. Utashangaa watakavyotulia.

Inamfaa nani. Watu wa khati, wachora hina, wadarizi wa kofia, wanafunzi wa historia ya Bahari ya Hindi, na mwenye mfuko mwepesi. Atakayetaka ukubwa na mandhari ataondoka bila kiu yake kukatika.

## Kwa hali yako

Una siku moja tu, na ni ya kiangazi: Louisiana, bila kuongeza kitu. Ikiwa ni Desemba au Januari, geuza: asubuhi Designmuseum, mchana ulale ndani ya bustani ya joto ya Glyptotek.

Una siku mbili na kazi yako ni ya mikono: Designmuseum siku ya kwanza, ukiwa na daftari na penseli, maana vipimo na maungo hukumbukwa kwa kuchora kuliko kwa kupiga picha. Siku ya pili Davids Samling, uone mafundi wa upande wa pili wa dunia walivyotatua maswali yaleyale ya kuunga, kujaza na kurembesha.

Una watoto chini ya miaka 10: Louisiana lazima, na Glyptotek kama akiba ya siku ya mvua. Viti viache hadi wakue, au mwenzako mmoja abaki nao bustanini.

Unapita tu Copenhagen, ndege yako ni jioni na begi liko kituoni: Glyptotek, kwa ukaribu wake.

Pesa zimepungua: Davids Samling, kisha uvuke barabara uingie bustani ya mfalme ukiwa na mkate wako. Mjini kote utaona taa za Henningsen na viti vya Wegner kupitia madirisha ya mikahawa na maktaba, bila kulipa.

Umesafiri na mzazi mwenye magoti mabovu: Designmuseum. Sakafu ni nyororo, mahali pa kukaa papo, na mzee wa kizazi cha baba yangu atakuwa na la kusema mbele ya kila kiti. Mimi nimeshaanza kuweka akiba ya tiketi yake.